Sheria za Panti Katika Futiboli ya Sekondari Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili na waliohamia Marekani hujikuta Ijumaa usiku wamekaa kwenye majukwaa ya shule, mtoto wao yuko uwanjani kavaa kofia ngumu, na mchezo wenyewe, futiboli ya Kimarekani, wanaujua kwa kuutazama kwenye televisheni Jumapili. Kinachowachanganya kuliko vyote ni panti. Wanashangilia mpira ambao umeshakufa, yaani refa ameshausimamisha, au wanamfokea mtoto kwa kuuacha mpira ambao alifanya vizuri sana kuuacha. Majibu haya yanafuata sheria za NFHS, yaani shirikisho la vyama vya michezo vya shule za sekondari, lenye makao yake Indianapolis. Ninachoomba ni kimoja tu: usiihukumu Ijumaa kwa sheria za Jumapili. Sheria za sekondari ziliandikwa kwa ajili ya watoto, na sehemu nyingi zinazoonekana za ajabu zina sababu nzuri.

Panti ni nini, na kwa nini timu inautoa mpira wake kwa hiari?

Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikishindwa, wapinzani wanauchukua pale pale ulipoishia. Kwa hiyo timu ikifika jaribio la nne huku safari bado ndefu, mpigaji husimama nyuma, senta, yaani mchezaji wa katikati ya safu ya mbele, humrushia mpira kupitia katikati ya miguu yake, naye huuachia kutoka mikononi na kuupiga kabla haujagusa ardhi. Mpira unapotea, lakini wapinzani wanaanzia mbali.

Hakuna sheria inayosema lazima liwe jaribio la nne. Kocha anaweza kuagiza panti hata kwenye jaribio la kwanza, na wapo wanaopiga ghafla kwenye jaribio la tatu wakati wapinzani hawajamweka mtu nyuma wa kudaka.

Kitabu cha sheria huiita timu inayopiga K na inayopokea R. Hapa nitasema wapigaji na wapokeaji.

Je, sheria hizi ni zilezile Marekani nzima?

Karibu zote. Texas ndiyo tofauti kubwa: shule zake za sekondari hucheza kwa sheria za vyuo vikuu, za NCAA. Massachusetts nayo ilikuwa hivyo hadi ilipohamia kwenye sheria za NFHS mwaka 2019. Ukiwa na ndugu Dallas au Houston na wewe uko Ohio au Kentucky, msibishane sana kwenye simu. Kila mmoja anaweza kuwa anasema kweli ya kwake.

Mpira umepigwa ukavuka mstari wa goli, mtoto akaudaka na kuanza kukimbia. Kwa nini refa alipuliza filimbi?

Kwa sababu mpira ulikufa palepale ulipovuka mstari. Katika sheria za sekondari, panti ikishavuka usawa wa mstari wa goli la wapokeaji, mchezo huo umekwisha, si mechi. Haijalishi mpira uko hewani au unabingirika, umeguswa au haujaguswa. Hiyo ni tachibeki, na wapokeaji huanzia kwenye mstari wao wa yadi 20. Kwenye NFL, ligi ya wachezaji wa kulipwa, na vyuoni mpokeaji anaweza kuudaka ndani ya eneo la goli, yaani sehemu iliyo nyuma ya mstari wa goli, na kutoka nao mbio, na huenda ndiko ulikoona. Sekondari hana ruhusa hiyo.

Naiona sheria hii kuwa ya busara. Inamwondolea kijana wa miaka 15 uamuzi mgumu akiwa amegeuza kichwa juu na watu kumi na mmoja wanamjia kwa kasi. Pia inawarahisishia waamuzi, ambao mara nyingi ni watano tu uwanjani na hawana picha za marudio.

Tahadhari moja: hata mpokeaji akiugusa mpira uwanjani ukamponyoka, kisha nguvu ya lile teke ikaupeleka ndani ya eneo la goli, bado ni tachibeki. Kuguswa na kuponyoka hakulifanyi teke liishe.

Na kama ameudaka kwenye yadi ya 2, kisha kasi yake ikamwingiza mwenyewe ndani ya eneo la goli?

Hapo ni habari nyingine, maana mpira haukuvuka wenyewe. Yeye ndiye aliyeuingiza. Kwa kawaida anayeingia na mpira kwenye eneo lake la goli na kuangushwa humo huwapa wapinzani pointi 2. Lakini akiwa ameudaka au kuuokota kati ya yadi yake ya 5 na mstari wa goli, na ni kasi ya mwendo wake tu iliyomwingiza, na mpira ukafia humo humo mikononi mwa timu yake, basi timu yake hupewa mpira pale alipoudakia. Hakuna pointi kwa mtu. Akishaingia kisha akatoka mwenyewe kurudi uwanjani, kinga hiyo imekwisha na mchezo unaendelea.

Mchezaji wa wapigaji alikuwa amekanyaga ndani ya eneo la goli alipouzuia mpira kwa mkono. Si tachibeki?

Hapana, ikiwa mpira wenyewe haujavuka. Kinachoangaliwa ni mpira ulipo, miguu ya mchezaji haihusiki. Kwenye NFL mchezaji anayegusa eneo la goli akiugusa mpira ameshauua. Sekondari anaweza kuwa na miguu yote miwili ndani, akanyoosha mkono na kuurudisha uwanjani mpira ulioko kwenye yadi ya 1, na wenzake wakauzima hapo. Ni mojawapo ya kazi nzuri kabisa ambazo kijana anaweza kuifanyia timu yake, na kila mara kuna watu jukwaani wanaopiga kelele kwamba refa amekosea.

Refa amedondosha kifuko kidogo chini wakati mpira bado unabingirika. Ni faulo?

Si faulo. Faulo huonyeshwa kwa kitambaa cha njano. Kifuko ni alama ya mahali, na kwenye panti mara nyingi kinaonyesha kwamba mchezaji wa wapigaji ameugusa mpira kabla ya mpokeaji yeyote kuugusa, baada ya mpira kupita ukanda wa katikati ya safu mbili. Tuuite mguso wa kwanza. Nitakaa hapa kidogo, maana hii ndiyo sheria inayobadilisha matokeo ya mechi, na ni wachache sana jukwaani wanaoijua.

Wapigaji hawana haki ya kuuchukua mpira walioupiga wenyewe kana kwamba bado ni wao. Wakiugusa kwanza, wapokeaji hupata haki ya kuuchukua mahali pale ulipoguswa, lakini mchezo hausimami. Mpira uko hai bado. Mpokeaji anaweza kuja, akauokota na kukimbia, na mwisho wa mchezo timu yake huchagua: ama mahali pa mguso wa kwanza, ama matokeo ya yote yaliyofuata.

Chukua mfano. Mpira umetua na kuruka ruka, mchezaji wa wapigaji akaugusa kwenye yadi ya 25 ya wapokeaji bila kuushika. Mpokeaji anauokota kwenye yadi ya 22, anapita mtu wa kwanza, wa pili, anafika yadi ya 35, anagongwa, mpira unamtoka, na mpigaji mmoja anaulalia. Jukwaa la wapigaji linalipuka kwa furaha. Kisha refa anaelekeza mkono upande wa pili: wapokeaji wanapewa mpira kwenye yadi ya 25, kana kwamba ule mpira uliopotea haukupotea. Lakini yule kijana angefika hadi mwisho na kufunga, wangechukua pointi zao 6 na kukisahau kifuko.

Maana yake ni kwamba baada ya mguso wa kwanza mpokeaji anacheza bila hofu ya kupoteza mpira. Kocha anayefundisha vizuri humwambia mtoto wake aangalie kifuko: kikidondoka, okota na ukimbie.

Haki hiyo hufutika kwa njia mbili. Ya kwanza, mpokeaji akiugusa mpira kisha timu yake ikafanya faulo kabla mchezo haujaisha. Ya pili, adhabu ya faulo yoyote iliyofanywa katika mchezo huo ikikubaliwa. Katika mfano wetu, kama mpokeaji mmoja angemshika mpinzani jezi wakati mwenzake anakimbia na mpira, ule mpira wa yadi ya 35 ungebaki kwa wapigaji. Kosa dogo la mtu aliye mbali na mpira linaweza kuitoa timu nzima kwenye usalama wake.

Kwa nini kocha anawapigia kelele wapokeaji waukimbie mpira?

Kwa sababu mpira wa panti ambao hakuna mpokeaji aliyeugusa ni wa wapokeaji hata wakikaa tu. Wapigaji wakiulalia, unakufa na wapokeaji wanaupata. Ukisimama wenyewe bila mtu kutaka kuuchukua, unakufa na wapokeaji wanaupata. Ukitoka nje, vilevile. Hatari inaanza pale tu mpokeaji anapougusa bila kuushika. Kuanzia hapo yeyote anaweza kuuchukua, na wapigaji wakiupata wanaanza upya na majaribio manne karibu na goli.

Ndiyo maana timu nyingi zina neno lao la hatari ambalo mdakaji hulipaza mpira ukianza kuruka ovyo, na wenzake wote hutawanyika. Ukimwona mwanao anaukimbia mpira baada ya kelele hiyo, mpigie makofi. Amefanya kazi yake.

Wapigaji nao wana mpaka wao. Wakiuokota mpira ulioponyoka mikononi mwa wapokeaji huko mbele, hawawezi kukimbia nao. Unakufa hapo hapo. Hakuna kufunga kwa kuokota panti iliyokwisha kuvuka, hata kama njia ni nyeupe hadi golini.

Mpinzani alimsukuma mwanangu akaangukia mpira. Je, hesabu ni kwamba ameugusa?

Hapana. Ikiwa wapigaji wamemsukuma au kumzuia mpokeaji mpaka mwili wake ukagusana na mpira, mguso huo haupo mbele ya sheria. Ni hivyo hivyo wapigaji wakiupigiza mpira ukamgonga mpokeaji. Bila kinga hii, mbinu rahisi kuliko zote ingekuwa kumsukumia mtoto wa watu kwenye mpira na kisha kuudai.

Panti imezuiwa, mpira umebaki nyuma ya safu. Ni wa nani?

Wa yeyote. Hapa ndipo sheria inapowapa wapigaji uhuru wote walionyimwa kule mbele. Mpira usipovuka ukanda wa katikati, mpigaji anaweza kuuokota na kukimbia, anaweza kurusha pasi, na anaweza hata kuupiga tena. Ndiyo, panti ya pili katika mchezo uleule ni halali, mradi anaipigia ndani au nyuma ya ukanda wa katikati na mpira haujaingia mikononi mwa wapokeaji.

Kinachosahauliwa ni hesabu ya majaribio. Kuuokota nyuma hakuwapi wapigaji majaribio mapya. Ikiwa lilikuwa jaribio la nne na aliyeokota hakufika kwenye mstari uliohitajika, mpira ni wa wapinzani. Nimewaona wachezaji wakirukia mpira uliozuiwa na kuukumbatia kwa fahari, kumbe kuulalia ni sawa na kuukabidhi. Afadhali ainuke na kukimbia, au aupige tena. Kama lilikuwa jaribio la tatu, basi kuulalia ni sawa kabisa, jaribio la nne linakuja.

Mpokeaji naye akiuokota huko nyuma anaruhusiwa kukimbia hadi kufunga. Panti ikizuiwa karibu na goli la wapigaji, mambo matatu yanaweza kutokea: wapokeaji wakiupata ndani ya eneo la goli ni tachidauni, pointi 6, ukitokea nyuma ya eneo la goli ni pointi 2 kwao, mpigaji akiulalia humo ndani, pia ni pointi 2.

Mzuiaji ameugusa mpira kidogo kwa kidole na bado ukasafiri mbali. Wapigaji wakiuokota, wanaanza upya?

Hapana. Ukiguswa ndani au nyuma ya ukanda wa katikati, mguso huo hauhesabiwi, na ukanda huo hupanuliwa hadi yadi 2 upande wa wapokeaji. Vyuoni ni yadi 3.

Ishara ya kudaka kwa usalama inatolewaje?

Kwa ishara hii mdakaji haguswi, naye hakimbii na mpira. Ni mkono mmoja, ulionyooshwa wote juu ya kichwa, ukipungwa kushoto na kulia, wakati mpira bado uko hewani. Si mikono miwili, si kuinua tu bila kupunga, si kupunga kifuani. Ishara isiyo sahihi ni adhabu ya yadi 5. Zaidi ya hapo, hata ishara mbovu inaua mpira: mpokeaji yeyote wa timu hiyo akiudaka au kuuokota, hakuna kukimbia. Kwa hiyo kijana anayepunga ovyo anapoteza kukimbia na anapoteza yadi pia.

Aliyetoa ishara na hakuugusa mpira haruhusiwi kumzuia mpinzani hadi teke liishe. Adhabu yake ni yadi 15. Sababu ni ya haki: wapinzani wameshaambiwa wasimguse, si vizuri yeye awagonge.

Hata asipotoa ishara, mdakaji ana haki ya kuachiwa nafasi ya kuudaka mpira ulioko hewani. Anayemgonga mapema au kumzibia njia ameitia timu yake adhabu ya yadi 15. Akishaudaka bila ishara, kuangushwa ni halali sekunde hiyohiyo.

Nimesikia kwamba baada ya kudaka kwa usalama timu inaweza kupiga goli la bure. Kweli?

Kweli, na natamani makocha wengi zaidi waikumbuke. Mpokeaji akidaka kwa ishara halali, timu yake inachagua: ianze kucheza kawaida, au ipige teke la bure kutoka kwenye mstari uleule, popote kati ya alama mbili za ndani ya uwanja. Teke hilo likipigwa mpira ukiwa umesimamishwa chini, au kwa kuudondosha na kuupiga unapogusa ardhi, na likapita kati ya nguzo, ni pointi 3.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwenye goli la kawaida, senta hurusha mpira yadi 7 hivi nyuma na wapinzani huja mbio kuuzuia. Kwenye teke la bure mpira unawekwa kwenye mstari wenyewe, wapinzani wanasimama yadi 10 mbali, na mpigaji anaweza kuchukua hatua ndefu kama anavyofanya anapoanzisha mechi. Panti mbovu iliyopigwa kwenye upepo ikadakwa kwenye yadi ya 35 ya wapigaji inampa mpigaji teke la yadi 45, kwa kuwa nguzo ziko yadi 10 nyuma ya mstari wa goli. Kwa njia ya kawaida lingekuwa yadi 52. Tena nguzo za sekondari zina nafasi ya futi 23 na inchi 4, wakati za vyuoni na NFL zina futi 18 na inchi 6.

NCAA hawana sheria hii, hivyo usiitarajie Texas. NFL wanayo. Tarehe 19 Desemba 2024, Cameron Dicker wa Los Angeles Chargers alifunga kwa njia hiyo kutoka yadi 57 dhidi ya Denver Broncos, na hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kwenye NFL tangu Ray Wersching mwaka 1976.

Kuna hatari moja. Teke likikosa na kuanguka uwanjani, mpira uko hai na wapinzani wanaweza kuurudisha mbio. Likivuka mstari wa goli bila kufunga, ni tachibeki. Kwa hiyo wakati mzuri wa kulitumia ni mwisho wa nusu, sekunde zikiwa zimebaki chache.

Mpigaji ameinama kuokota mpira uliorushwa vibaya, goti likagusa chini. Kwa nini mchezo umesimamishwa?

Sekondari, mwenye mpira akigusa ardhi kwa kiungo chochote kisicho mkono au mguu, mpira umekufa, hata kama hakuna aliyemgusa. Kwenye NFL lazima awe ameguswa na mpinzani. Yule anayeushikilia mpira chini kwa ajili ya goli ana ruhusa ya kupiga goti. Mpigaji wa panti hana. Wafundisheni wachuchumae bila kushusha goti, au wainame kiunoni.

Kumgusa mpigaji ni faulo kila mara?

Hapana. Kumgonga kidogo ni yadi 5. Kumvamia kwa nguvu ni yadi 15 na majaribio mapya manne moja kwa moja. Tofauti ni kubwa mno ikiwa wapigaji walihitaji yadi 12: yadi 5 haziwasaidii sana, za pili zinawarudishia mpira.

Mzuiaji husamehewa ikiwa ameugusa mpira karibu na mpigaji na hakuweza kujizuia, ikiwa amesukumwa na mpinzani, au ikiwa hapakuwa na uhakika kwamba teke litapigwa. Hiyo ya mwisho inawahusu sana wapigaji wanaokimbia pembeni kwanza kisha wanapiga, mtindo ulioletwa kutoka raga. Akikimbia na mpira mkononi kama mkimbiaji, asitegemee kinga ileile ya aliyesimama nyuma akisubiri.

Senta analindwa pia. Kichwa chake kiko chini akitazama nyuma katikati ya miguu, hivyo kumvamia moja kwa moja katika mpangilio wa teke ni yadi 15 na majaribio mapya. Naiheshimu sana sheria hii.

Mbona wachezaji wenye namba ndogo wanasimama kwenye safu ya mbele wakati wa panti?

Kwa kawaida lazima watu watano kwenye safu wavae namba 50 hadi 79, na hao hawaruhusiwi kupokea pasi. Katika mpangilio wa teke, ambapo mtu mmoja amesimama angalau yadi 7 nyuma tayari kurushiwa mpira, sheria hulegezwa ili kocha aweke wakimbiaji wazuri bila kubadilisha jezi.

Ulegevu huo uliwahi kuzaa jambo kubwa. Mwaka 2007 makocha Kurt Bryan na Steve Humphries wa Piedmont High School, California, walianzisha mfumo walioupa jina A-11: wakaupanga mchezo wao kama panti katika kila jaribio, wachezaji wakavaa namba za wapokea pasi, na ulinzi wa wapinzani haukujua nani atakimbia kupokea. Ilikuwa ubunifu halali kabisa kwa maandishi ya wakati ule. Mwaka 2009 NFHS ikaufunga mlango: kwenye jaribio la kwanza, la pili na la tatu ni senta tu anayesamehewa namba, na msamaha mpana ukabaki kwa jaribio la nne na kwa teke la pointi ya ziada. Anayecheza kwa msamaha huo bado hawezi kupokea pasi.

Nawaelewa waliofunga, lakini makocha wale walikuwa wakitafuta njia kwa shule ndogo kushindana na kubwa, na kazi yao inastahili kukumbukwa.

Wapigaji wote kumi na mmoja wanaweza kukimbia mara tu mpira unaporushwa?

Ndiyo. NFL huwazuia wengi wao hadi teke lipigwe. Sekondari hakuna kizuizi hicho. Ila anayetoka nje ya uwanja bila kusukumwa haruhusiwi kurudi kucheza, na akirudi ni yadi 15. Na tangu 2017 mpokeaji anayemgonga mtu asiyemwona akija, kwa nguvu na bila kutanguliza mikono iliyo wazi, anaadhibiwa yadi 15. Hayo magongano yalikuwa mengi sana kwenye panti, na yalipaswa kukomeshwa mapema zaidi.

Wapokeaji walifanya faulo wakati mpira uko hewani. Kwa nini wapigaji hawakupewa kurudia?

Kwa sababu ya utaratibu maalumu wa panti. Faulo ya wapokeaji ikifanyika mbele ya ukanda wa katikati kabla teke halijaisha, teke likavuka ukanda huo, na wapigaji si wenye mpira mwishoni, adhabu inahesabiwa kana kwamba wapokeaji tayari walikuwa na mpira. Mpira ukidakwa kwenye yadi yao ya 30 na mwenzao alimshika mtu kwenye yadi ya 45, wanarudishwa yadi 10 kutoka ile ya 30 na kuanza kwenye ya 20. Mpira unabaki wao. Faulo iliyofanyika kwenye safu, mahali mpira ulipoanzia, haiingii humo.

Je, mdakaji anaweza kuupiga mpira kurudi alikotoka?

Hapana. Panti ni halali kabla mpira haujabadili mikono tu. Kanada ni tofauti.

Kuna timu ya sekondari isiyopiga panti kabisa?

Inayojulikana zaidi ni Pulaski Academy ya Little Rock, Arkansas. Chini ya kocha Kevin Kelley, kuanzia 2003 hadi 2020, timu hiyo ilijenga mchezo wake juu ya imani kwamba mpira una thamani kuliko umbali, ikicheza jaribio la nne karibu kila mara, hata ikiwa ndani ya nusu yake. Ilitwaa ubingwa wa jimbo mara 9. Hesabu yake ilikuwa kwamba kwa timu ya vijana, panti haisukumi mpira mbali kiasi cha kufidia jaribio lililotolewa. Si kila shule ina kikosi cha kuiga hayo, ila hoja yake haijapata jibu jepesi.

Panti inaweza kutumika kuanzisha mchezo?

Mara moja tu: timu ikishafungwa zile pointi 2 ndani ya eneo lake la goli. Hapo hupiga teke la bure kutoka kwenye yadi yake ya 20, na inaruhusiwa kulipiga kwa mtindo wa panti. Wapokeaji wajihadhari: ingawa linafanana na panti, linafuata sheria za kuanzisha mechi. Likishasafiri yadi 10 na kugusa ardhi, wapigaji wanaweza kuukimbilia mpira na kuuchukua hata kama hakuna mpokeaji aliyeugusa. Lile neno la kuwatawanya wenzako halifai hapa. Mpira huu lazima ufuatwe.